Nilipojaribu kuandika ripoti ya mwaka 1968/69

Kila ifikapo Juni, fomu ile ile hunijia. Ina safu mbili: Mafanikio kushoto, Changamoto kulia, na chini kabisa kijisanduku cha Mapendekezo kisichotosha hata sentensi mbili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kenya, na kazi ya kuijaza kwa niaba ya idara imeniangukia miaka kadhaa sasa kwa sababu, alivyosema mkuu wetu mmoja, "wewe ndiwe mwenye mwandiko." Hakuna aandikaye ripoti kwa mkono siku hizi. Alimaanisha kwamba mimi ndiye nisiyejua kukataa.

La kuandika kushoto tunalijua: makala yaliyochapishwa, wanafunzi wa uzamili waliotetea tasnifu, kongamano moja, mtaala "uliopitiwa upya". Kulia nako tunakujua: wahadhiri hawatoshi, walimu wa muda hawajalipwa, projekta imekufa. Mwaka mmoja nilichukua ripoti ya mwaka uliotangulia, nikabadilisha tarehe na tarakimu chache, nikaituma. Ilirudi na muhuri wa kupokelewa. Hakuna aliyegutuka.

Safari hii, kabla ya kuijaza ya kwetu, nilijipa zoezi. Nilitaka kuona kama fomu hii ingeweza kuutambua mwaka wa maana kweli kweli. Nikachagua idara ambayo mwaka wake mmoja uligeuza ufundishaji wa fasihi katika Afrika Mashariki na mbali zaidi: Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, mwaka wa masomo wa 1968/69. Nikakaa chini na safu zangu mbili.

Kwanza, chuo chenyewe. Kilifunguliwa mwaka 1956 kama chuo cha ufundi cha wakoloni. Mwaka 1961 kikaanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na muungano huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Kwa hiyo 1968 ni mwaka wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo lakini hajaondoka. Bendera ilikuwa ya Kenya, ilhali mtaala wa Idara ya Kiingereza ulikuwa bado ule wa kutoka kwa Shakespeare, Spenser na Milton, ukiteremka karne kwa karne hadi kwa James Joyce na T. S. Eliot. Mwanafunzi aliyetoka Siaya au Kitui aliweza kuhitimu shahada ya kwanza akiwa amesoma miaka mitatu bila kukutana na ngano moja iliyowahi kutambwa Siaya au Kitui.

Katika idara hiyo alikuwamo kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka 1967, akiitwa wakati huo James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o wa baadaye. Alikuwa na shahada ya Makerere na riwaya tatu zilizokwisha kuchapishwa. Alikuwa pia amekwenda Leeds kusomea uzamili, akarudi bila kuumaliza. Nililisoma hilo mara mbili, kisha nikacheka peke yangu ofisini. Kanuni zilizotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 zilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Kwa kipimo hicho, Ngũgĩ wa Thiong'o angekaa kwenye safu yangu ya kulia: mwalimu mmoja hajafikisha sifa.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 20 Septemba 1968, kaimu mkuu wa idara, Dkt. James Stewart, aliwasilisha waraka mbele ya bodi ya Kitivo cha Sanaa. Haukuwa waraka wa kuwasha moto. Ulikuwa wa aina ile ambayo sisi sote tumewahi kuisinzia katika vikao: uhusiano wa Idara ya Kiingereza na idara nyingine, nafasi ya lugha za kisasa hasa Kifaransa, nafasi ya lugha za Kiafrika hasa Kiswahili, na maendeleo ya baadaye. Ndani yake mlikuwa na hoja kwamba idara ilikuwa na mtaala imara kwa sababu unafuatilia mwendelezo wa kihistoria wa utamaduni mmoja, ule wa Magharibi. Stewart aliongeza kwamba idara haina budi kupunguza Uingereza wake na kuifungulia mlango fasihi ya Marekani, ya Karibi, ya Afrika na ya kwingineko.

Stewart amekuwa kama lile zimwi la katika ngano, naye hakuwa hivyo. Alikubali kwamba mambo yatabadilika. Alichokitaka ni nyumba ibaki pale pale, wageni waongezewe viti. Nawajua wakuu wa idara wengi wa namna hiyo, na wengi wao ni watu wema.

Siku 34 baadaye, tarehe 24 Oktoba, likaja jibu. Waliotia sahihi walikuwa watatu: Ngugi, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong. Kichwa chake kilitamka wazi kinachotakiwa: kufutwa kwa Idara ya Kiingereza. Hawakuomba irekebishwe wala ipanuliwe. Waliomba ifutwe, na mahali pake pawekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika.

Nimeisoma hoja yao mara nyingi darasani, na kila mara ninachokiona ni ufundi wa mjadala kuliko hasira. Hawakumbishia Stewart kwamba si lazima kusoma mwendelezo wa utamaduni mmoja. Walilipokea neno lake kama lilivyo, kisha wakauliza: kama ni lazima utamaduni uwe mmoja, kwa nini usiwe wa Kiafrika? Kwa nini Afrika isiwe katikati, na nyingine zote zitazamwe kutokea hapo? Huo ni mwereka wa kumwangusha mtu kwa uzito wake mwenyewe. Anayetaka kukataa inambidi aseme waziwazi kwamba utamaduni unaofaa kuwa katikati ni wa Waingereza, na mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru, hakuna aliyeweza kulisema hilo kwenye kikao cha bodi huku karani anaandika kumbukumbu.

La pili, walikuja na mtaala. Waliorodhesha kitakachofundishwa: fasihi simulizi kama shina, fasihi ya Kiswahili pamoja na mirathi yake ya Kiarabu na Kiasia, fasihi ya kisasa ya Afrika, ile ya Wakaribi na Waamerika weusi, fasihi ya Ulaya, na mchezo wa kuigiza kama sanaa inayotendwa. Shakespeare hakufukuzwa, kinyume na wanavyodhani watu. Alisogezwa kutoka kiti cha mbele. Bodi ilikuwa na kitu cha kujadili kipengele kwa kipengele. Nimeshuhudia mapendekezo mazuri zaidi ya hayo yakifia mezani kwa sababu aliyeyaleta alileta malalamiko matupu, na malalamiko hayana vipengele vya kupigiwa kura.

La tatu ndilo linalonitatiza mimi mwenye fomu. Kati ya watatu hao, aliyekuwa mwalimu wa idara ni mmoja tu. Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa watafiti katika kitengo cha utamaduni cha Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, hapo hapo chuoni. Taban alikuwa ametoka Marekani mwaka huo huo na shahada ya uandishi ya Iowa. Kwa kanuni zetu, kazi ya mtafiti huripotiwa na kitengo chake. Kwa hiyo theluthi mbili za mapinduzi ya Idara ya Kiingereza hazingeonekana kabisa katika ripoti ya Idara ya Kiingereza.

Nikaanza kujaza hivyo hivyo.

Kushoto: machapisho. Waraka haukuchapishwa katika jarida lolote mwaka huo. Ulitoka kitabuni mwaka 1972, nao ukiwa nyongeza ya mwisho katika mkusanyiko wa insha za Ngugi. Kwa hesabu za kupandishwa cheo: sufuri. Kozi mpya zilizoanzishwa: hakuna bado. Waraka ulizua mabishano, na mabishano si kozi. Ruzuku za utafiti: hakuna ninayoijua. Ushirikiano na asasi za nje: hakuna, labda tuhesabu ugomvi.

Na hata kama ningelazimisha, ningeandikaje? "Mwalimu mmoja alishirikiana na wenzake wa kitengo jirani kupendekeza idara hii ifutwe." Mkuu gani wa idara angetia sahihi chini ya sentensi hiyo kwenye safu ya mafanikio? Mimi mwenyewe ningeihamishia kulia.

Na kulia kulikuwa na mambo. Januari 1969 serikali ilimzuia Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, kuwahutubia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa. Baada ya hapo Ngugi akajiuzulu kupinga kuingiliwa kwa uhuru wa wasomi. Akaenda Makerere, kisha Northwestern huko Marekani, na hakurejea Nairobi hadi 1971.

Hebu tazama, basi, jinsi mwaka huo unavyoonekana ukiujaza kwa uaminifu. Chuo kilifungwa katikati ya mwaka. Mwandishi mashuhuri kuliko wote katika idara aliacha kazi. Wafanyakazi waligawanyika kuhusu kama idara iwepo au isiwepo. Mtaala haujabadilika. Afisa wa mipango akiipokea ripoti ya namna hiyo leo angeipaka rangi nyekundu, na pengine angemwita mkuu wa idara aeleze.

Ilhali matokeo yalikuwa yameshaanza kuota. Mabishano yaliendelea, na idara ikageuka. Jina la Kiingereza likatoka, pakawa na Idara ya Fasihi, na fasihi simulizi ikaingia darasani kama somo kamili. Kuna kejeli moja naipenda hapa: aliyeiongoza idara katika miaka hiyo ya mageuzi hadi 1973 alikuwa Andrew Gurr, bingwa wa Shakespeare, yule ambaye baadaye alikuwa mshauri mkuu wa kitaaluma ujenzi upya wa Globe, jukwaa la Shakespeare, ulipofanyika London. Ni mtu wa Shakespeare aliyewekewa mtaala uliomsogeza Shakespeare, akausimamia. Watu kama huyo pia hawana safu katika fomu. Mwaka 1973 Ngugi akawa mkuu wa idara, Mwafrika wa kwanza.

Mwaka uliofuata, Septemba 1974, idara ile ile pamoja na wakaguzi wa somo la Kiingereza wa wizara waliitisha mkutano katika shule ya upili ya Nairobi School kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika mashuleni. Hapo ndipo jambo lilipotoka chuoni. Walimu wa shule waliondoka na hoja kwamba fasihi simulizi na waandishi wa Kiafrika ndio wawe kiini cha somo. Haikutokea siku hiyo wala mwaka huo. Lakini yeyote aliyefanya mtihani wa kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 anajua mwisho wake ulivyokuwa, hata kama hajawahi kusikia jina la Owuor Anyumba. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya 102/3, baada ya riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi, kulikuwa na swali la fasihi simulizi. Eleza sifa za mtambaji. Taja umuhimu wa vitendawili. Wako watoto walioyakariri hayo usiku wa manane kwa taa ya mafuta. Sisemi kila swali la karatasi hiyo lilitokana moja kwa moja na waraka wa 1968. Kiswahili kilikuwa na wataalamu wake na njia yake ya kuingia mtihanini, na Dar es Salaam ilikuwa na mchango wake. Lakini hewa ya kulifanya jambo hilo liwezekane ilianza kuvuma pale.

Kuhusu Ngũgĩ mwenyewe nitapita upesi, maana yanajulikana. Alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 baada ya tamthilia ya Kikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akaachiliwa Desemba 1978. Kazi yake chuoni hakurudishiwa. Alifia Marekani tarehe 28 Mei 2025. Idara iliyompoteza mwaka 1969 ikampata tena, ikampoteza tena, na mara zote mbili sababu haikuwa ya kitaaluma.

Kuna sehemu moja ya waraka ambayo sikuweza kuijaza popote, na ndiyo inayonihusu mimi zaidi. Waandishi wake walitaka idara moja ya fasihi na lugha za Kiafrika, lugha na fasihi chini ya paa moja, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizopewa uzito. Kilichopatikana ni mapaa mawili. Idara ya Fasihi ikasimama upande wake, ikiendelea kufundisha kwa Kiingereza. Isimu na Lugha za Kiafrika ikasimama upande wake, nacho Kiswahili kikaenda huko. Profesa Mohamed Abdulaziz, mzaliwa wa Mombasa, aliyechapisha utafiti wake mkubwa juu ya mashairi ya Muyaka mwaka 1979, alikuwa upande huo wa isimu na lugha. Yaani Muyaka, yule mshairi wa Mvita, ndiyo Mombasa, aliyejibizana na wenzake kwa tungo zaidi ya karne moja kabla ya waraka, ambaye kwa mantiki ya waraka alistahili kuwa karibu kabisa na katikati, alikaa kwa jirani.

Naliona hilo kuwa kasoro kubwa kuliko zote za ushindi ule, na hutajwa mara chache kwa sababu wanaousimulia ushindi huo wengi wao huusimulia kwa Kiingereza. Afrika iliwekwa katikati, kweli, lakini katikati ya chumba ambacho lugha yake haikuwa ya Afrika. Ngũgĩ mwenyewe aliliona, ndiyo maana akaigeukia lugha ya mama yake, na ndipo yakamkuta yaliyomkuta. Kwa upande wa taasisi, mgawanyo ulibaki. Mpaka leo katika vyuo vikuu kadhaa vya Kenya ukitamka neno "fasihi" unaulizwa: ya upande upi? Kuna wa Literature, kuna wa Kiswahili. Wana mitaala miwili, watahini wa nje wawili, na mara nyingi hata chai hawanywi pamoja.

Muhula uliopita alinijia mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma pande zote mbili. Alibisha hodi akiwa na madaftari mawili ya kurasa mia, moja limeandikwa kwa Kiingereza, la pili kwa Kiswahili.

"Daktari, samahani," akasema. "Nina swali lisilo la mtihani."

Nikamwambia aketi, maana maswali ya namna hiyo ni machache.

Alikuwa ametumwa nyumbani na walimu wa pande zote mbili akakusanye ngano. Hakuwa na nauli ya kuzunguka, kwa hiyo alimrekodi nyanya yake kwa simu, hadithi moja ya sungura na fisi, kwa Kikamba, dakika kumi na moja na mbwa wakibweka nyuma. Kisha akaitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya kazi ya upande mmoja, na kwa Kiswahili kwa ajili ya kazi ya upande wetu. Daftari la Kiingereza lilikuwa limepata alama nzuri na maoni ya mwalimu juu ya mtendaji na hadhira. La Kiswahili lilikuwa limepata alama nzuri na maoni yangu mwenyewe juu ya mianzo, miishio na takriri. Mambo yale yale kwa majina tofauti.

"Swali langu," akasema, "ni hii ya Kikamba niipeleke wapi?"

Akaifungua simu, akanisikilizisha. Sikielewi Kikamba zaidi ya salamu, lakini nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikipanda, ikisita, kisha mjukuu akicheka upande wa pili kabla hajakumbuka kwamba yumo kazini anarekodi. Tulisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia ainakili mahali salama, na kwamba nitauliza kama maktaba ina utaratibu wa kupokea sauti.

Niliuliza. Utaratibu haupo. Nimeliandika hilo kwenye fomu ya mwaka huu, safu ya kulia, mstari wa nne, baada ya projekta.